Siku Nne Ndani ya Begi

Saa tisa alasiri foleni ya duka la kompyuta ilikuwa imetoka nje hadi kwenye ngazi, na yote ilikuwa imekwama kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyekataa kubanduka kaunta.

"Kaka, sibishani na wewe. Nakuuliza tu. Nimeiunganisha mwenyewe, kila waya mahali pake, mbona inazima kila nikianza kazi?"

Alikuwa amevaa gauni la manjano la mikono mirefu, kilemba cha kijani kilichofungwa kwa pupa, na raba nyeupe zenye matone ya wino. Mbele yake, juu ya kioo cha kaunta, aliweka soksi. Akaitikisa, na ndani yake zikatoka RAM mbili, vile vibamba vyembamba ambavyo kompyuta huvitumia kukumbuka kazi iliyomo mkononi. Kimoja kilikuwa cheusi, kingine chekundu.

Muuzaji, bonge la mtu mwenye kijiti cha meno mdomoni, hakuzitazama. Alinyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIPOKELEWI.

"Kusoma najua," alisema mwanamke.

"Basi umesoma."

"Nani alikufundisha kubeba RAM kwenye soksi?" sauti ilitoka nyuma yake.

Aligeuka. Kijana wa kiume, shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, rula fupi ya chuma imechomoza mfukoni.

"Mguu wangu," alijibu. "Una swali jingine?"

Foleni ikacheka. Kijana naye akacheka, akasogea kaunta, akafungua kiboksi chake kidogo. Ndani mlikuwa na RAM mbili vilevile, moja nyeusi, moja nyekundu.

"Ametuchanganyia," alisema. "Nyeusi mbili zilikuwa pacha, nyekundu mbili pacha. Akampa kila mtu moja moja. Zikiwekwa pamoja haziko kwa kasi moja, hazielewani, kompyuta inaanguka."

"Basi badilishaneni, mniachie kaunta," alisema muuzaji.

Sasa, msomaji, lazima ujue jambo ambalo mwanamke yule hakulijua. Kijana huyu alikuwa mchora ramani za nyumba, na asubuhi ya siku hiyohiyo alikuwa amesimama palepale. Alikuwa amezipima RAM zake nyumbani, moja moja. Nyekundu ilipita safi. Nyeusi ilijaza skrini mistari ya makosa kama damu iliyomwagika. Alipoileta, muuzaji aliichomeka kwenye mashine ya duka, wote wawili wakaiona mistari ile, kisha muuzaji akanyoosha kidole kwenye karatasi ya ukutani. Kijana akaondoka na hasira zake. Akarudi alasiri kujaribu tena, na hapo ndipo alipokuta soksi juu ya kaunta.

Angeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja tu: Dada, hii nyeusi yangu ni mbovu. Badala yake alisema, "Nipe nyekundu yako, chukua nyeusi yangu."

"Kwa nini mimi ndiye nichukue nyeusi?"

"Inaendana na macho yako."

Foleni ilipiga mbinja. Mwanamke akaangua kicheko, pengo dogo likaonekana kati ya meno yake ya mbele, na RAM zikabadilishana mikono.

"Na ikizingua?" aliuliza, simu tayari mkononi.

Watu wote walikuwa wanamwangalia. Kijana hakuwa na pa kutokea. Akataja namba yake, tarakimu kwa tarakimu.

"Nikuandike nani?" Kabla hajajibu, mwanamke alitupa jicho mfukoni mwake. "Nakuandika Rula. Mimi nachora katuni. Ukitaka kuniita Katuni, niite."

Muuzaji alimtazama Rula. Akakihamisha kijiti kutoka pembe moja ya mdomo hadi nyingine.

"Anayefuata," alisema.

*

Kompyuta ya Rula ilikaa sawa tangu jioni ile, haikutetereka tena. Alichora ramani ya ghorofa nzima bila kuguswa na tatizo lolote, akalala usingizi mzito. Siku ya tatu simu ikaita.

"Rula?"

"Nani mwenzangu?"

"Macho meusi."

Moyo wake ulipiga teke. "Karibu, macho meusi."

"Nikaribie nini? Inazima. Mwanzo ilikuwa inazima mara tatu kwa siku, sasa tangu jana imezima mara kumi na moja. Nimehesabu."

"Pole sana."

"Pole haiwashi kompyuta, Rula. Njoo."

Alikwenda. Angeweza kutoa udhuru, lakini alikwenda, na tusimvike huruma ambayo hakuwa nayo: alikwenda kwa ajili ya gauni la manjano.

Katuni aliishi ghorofa ya tatu na shangazi yake, mkunga mstaafu mwenye ulimi uliozoea kuwakemea wanawake wakiwa katika uchungu. Meza ya kulia chakula ilikuwa imegeuzwa ofisi. Kompyuta ilikaa juu yake, ubavu wazi, matumbo nje, feni ya chumbani ikiipulizia upepo. Ukutani kulikuwa na michoro zaidi ya mia ya kuku mmoja mnene, mwenye miwani, anayeogopa mayai.

"Anaogopa mayai?" Rula aliuliza.

"Kila akitaga moja anazimia. Usicheke, ni jambo zito. Watoto watalia."

Akamweleza. Miaka sita alikuwa mpokea wageni hotelini. Akaacha kazi, akamimina akiba yake yote kwenye mashine hii, kwa sababu kituo kimoja cha televisheni kilikubali kutazama dakika nane za kuku wake. Wakizipenda, wangetaka vipindi ishirini na sita. Wasipozipenda, basi.

"Kwa hiyo huyu kuku ndiye mume wake," shangazi alisema akiweka chai mezani. "Wewe mgeni, unajua kutengeneza au umekuja kunywa chai?"

"Vyote viwili, shangazi."

Rula aliinama juu ya mashine. Aliiona RAM nyeusi, ile yake, imekaa kwenye nafasi yake kama mtu aliyealikwa. Ingemchukua nusu dakika kuichomoa na kusema ukweli. Akapuliza vumbi ambalo halikuwapo.

"Joto," alisema. "Inapata joto."

Wakanunua feni ya pili. Ikazima. Akaja tena, akasema ni pawa saplai, umeme haufiki sawasawa. Wakabadilisha. Ikazima. Akasema ni programu, akafuta kila kitu, akapiga Windows upya, kazi ya siku nzima. Ikakaa saa mbili, skrini ikawa ya buluu, ikazima.

"Nimesoma mahali," Katuni alisema siku hiyo, amekaa sakafuni na mkasi mkononi, nywele nje ya kilemba. "Wanasema ukiona inaanguka bila mpangilio, pima RAM. Kuna kiprogramu cha kupimia. Unaacha moja ndani, unaondoa nyingine, unasubiri. Halafu unabadilisha."

Rula alikuwa ameshika bisibisi. Hakuinua uso.

"RAM tumeshabadilisha, mpenzi." Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo, na alilitumia neno lile kama pazia. "Kupima ni saa nyingi, labda siku nzima. Umebakiwa na siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Basi usizichezee."

Akamwamini. Nusu ya akili yake ilikuwa bado kwenye neno mpenzi.

*

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyokua, juu ya mashine inayoanguka. Rula alikuja kila jioni baada ya kazi, shati jeupe, rula mfukoni, mkate mkononi. Katuni alichora, akahifadhi, akachora, akahifadhi, na kila dakika tano saa ya mezani ilimpigia kelele akumbuke kuhifadhi. Mashine ikizima, wote wawili walisema kwa pamoja, "Haya!" Busu lao la kwanza lilitokea wakati inajiwasha upya, na walipoachana ilikuwa imeshawaka, imeshazima tena.

"Hii mashine ina wivu," Katuni alisema.

"Iache ifanye kazi yake. Mimi nifanye yangu."

"Kazi yako ni kuitengeneza, laazizi. Umesahau?"

Hakusahau. Alijua pia jambo baya zaidi: kwamba RAM mbovu haiangushi kompyuta tu. Inaharibu kimyakimya. Unachora jicho, unalihifadhi, na ndani ya faili jicho linakuwa takataka bila mtu kuona. Kazini kwao ramani moja iliwahi kuharibika hivyo. Kila saa ya mezani ilipopiga kelele na Katuni akabonyeza kuhifadhi, Rula alihisi kama anamtazama mtu akitia maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Akaanza kukwepa. Siku tatu hakuja. Simu ziliita, akaziacha. Siku ya nne akapokea.

"Una mwingine?" Katuni aliuliza, bila salamu.

"Nini?"

"Nimeuliza kiustaarabu. Una mwanamke mwingine? Sema tu. Mimi nina kuku wa kumaliza, sina muda wa kulia kidogokidogo."

Rula alicheka. Alicheka kwa raha ya mtu aliyeshukiwa kosa lisilo lake. "Sina mwingine, kipenzi changu. Wallahi sina."

"Sasa unanikimbia nini?"

"Kazi zilinizidi."

"Shangazi anasema mwanaume akisema kazi zimemzidi, mchungulie begi."

"Mwambie shangazi aje achungulie."

"Njoo basi, mjinga wewe. Nimekukumbuka mpaka kuku amekonda. Mwangalie mchoro wa jana, shingo kama mwiba."

Alipokata simu, Rula alikaa kitandani muda mrefu. Hapo ndipo alipojua kwamba anampenda kweli. Jumamosi asubuhi alikwenda duka jingine, upande wa pili wa mji, akanunua RAM mbili mpya nyeusi, za kampuni ileile, pacha, akamwomba muuzaji azipime mbele yake. Safi. Akazitia begini, akaenda moja kwa moja ghorofa ya tatu.

Mpango ulikuwa rahisi. Katuni akienda kuoga, au sokoni, au popote, yeye angezibadilisha. Kuna nani angejua?

Lakini Katuni hakuondoka mezani. Onyesho lilikuwa Jumatano. Alikula palepale, akalala kichwa juu ya mkono palepale. Rula akalisukuma begi chini ya meza, akasubiri. Mchana alipiga moyo konde. Alifungua mdomo aseme.

"Unajua ninachowaza?" Katuni alimtangulia, macho kwenye skrini. "Yule mtu wa duka. Alijua anatuuzia nini. Mtu anakuangalia usoni, anajua anachokupa ni kibovu, na bado anakupa. Nikimkuta barabarani ameanguka, namruka."

Rula alifunga mdomo.

Jumapili ilipita hivyohivyo. Kuna wakati Katuni aliingia bafuni, lakini shangazi alikuja kukaa kwenye kiti chake, akaanza kumhoji Rula kuhusu wazazi wake. Jumatatu alikuwa kazini hadi jioni, na alipofika Katuni alikuwa mezani. Sasa kusema kulikuwa kumegeuka. Si tena kusema juu ya siku ile ya foleni. Ilikuwa kusema: tangu Jumamosi nina dawa miguuni pako, sijakupa. Kila saa iliyopita ilifanya neno kuwa zito zaidi, na kila uzito ulimpa sababu ya kungoja saa nyingine.

Jumanne jioni kuku akakamilika. Kompyuta ilifanya kazi saa nne ikiunganisha michoro iwe filamu, na kwa maajabu haikuzima. Wakaangalia mwanzo, wakaangalia mwisho, Katuni akaruka shingoni mwa Rula, shangazi akapiga vigelegele jikoni. Katikati hawakuangalia. Katuni alikuwa hajalala siku mbili.

"Imepita," Rula alijiambia. "Mungu ni mwema, imepita."

*

Chumba cha maonyesho kilikuwa na meza ndefu na watu watano. Katuni alivaa suti yake ya zamani ya mapokezi, ya bluu iliyokolea, vifungo vimeng'arishwa. Alimwomba Rula amngoje nje.

Dakika ya kwanza walitabasamu. Ya pili, mmoja alicheka mahali pa kuchekwa. Dakika ya tatu uso wa kuku ukapasuka vipande vya kijani. Mdomo ukahamia kwenye tumbo lake. Sauti ikageuka kelele ya bati linalokwaruzwa, kisha picha ikasimama, jicho moja la kuku limetanda skrini nzima, limepigwa mistari.

Mkuu wa vipindi, mama mwenye miwani ya dhahabu, akasema, "Huyu kuku ameingia kwenye mashine ya kusaga?"

Wakacheka. Walicheka wote watano, mmoja hadi akakohoa, na wakati wanacheka filamu iliendelea kukwaruza, kwa hiyo wakacheka zaidi.

"Naomba wiki moja," Katuni alisema. "Ni faili tu. Michoro ninayo. Naomba wiki moja."

"Dada yangu," mama yule alisema akifuta machozi ya kicheko, "hewani hakuna wiki. Mwenzako anayefuata yuko mlangoni."

Nje, Katuni alimwona Rula amesimama na chupa mbili za soda, akitabasamu. Alitembea hadi kwake, akaegemeza paji la uso kwenye shati jeupe mpaka likalowa.

Alasiri ile, Katuni amelala chumbani kwa vidonge vya shangazi, Rula alifungua begi. Hakutumia hata dakika tano. Alichomoa RAM zote mbili nyeusi, akaweka mpya, akafunga ubavu wa mashine. Ikawaka. Haikuzima siku ile, wala kesho yake, wala tena.

"Umefanyaje?" Katuni aliuliza siku ya tatu, akiitazama kama mtu anayetazama saa ya marehemu ikitembea.

"Nimesafisha. Nikakaza vitu vilivyolegea."

"Mikono yako ina dawa," alisema, akaibusu.

"Dawa iliyosubiri mazishi," alisema shangazi.

Katuni alirudi hotelini. Nafasi yake ilikuwa na msichana ambaye Katuni mwenyewe ndiye aliyemfundisha kupokea simu, na sasa msichana yule ndiye aliyempangia zamu. Michoro ya kuku ilitolewa ukutani, ikawekwa kwenye boksi, boksi likaenda juu ya kabati. Kila mchana Rula alimpigia.

"Mapokezi, habari ya mchana, nikusaidie nini?"

"Natafuta chumba cha maisha."

"Kimejaa, bwana. Kuna jitu moja refu limekikalia na rula yake."

Miezi mitatu baadaye alikuja mwenyewe, tai shingoni, akaomba fomu ya wageni. Kwenye mstari wa sababu ya safari aliandika: Kumuoa mpokeaji. Katuni aliisoma mara mbili, akagonga muhuri juu yake, akaufunika uso kwa mikono. Wageni waliokuwa wakisubiri funguo walipiga makofi.

*

Jumamosi ya kujaribu nguo, Katuni alitoka nyumbani mapema. Alitaka kununua diski ya kuhifadhia michoro yake ya zamani. Hakujua kwa nini, alitaka tu isipotee. Duka lililokuwa njiani lilikuwa ni lile lile. Foleni haikuwapo. Bonge la mtu lilikuwa limekaa peke yake na kijiti chake.

"Wewe si yule wa soksi?"

"Ndiye." Katuni hakuweza kujizuia. Furaha ilimfanya mkarimu hata kwa mtu huyu. "Na yule kaka wa shati jeupe, tuliyebadilishana naye hapa, unamkumbuka? Tunaoana mwezi ujao."

Muuzaji alitoa macho, kisha akacheka hadi kijiti kikaanguka.

"Ametisha! Kakuuzia mbuzi ndani ya gunia na bado umemchukua mwenyewe!"

"Umesemaje?"

"Ile RAM! Asubuhi ile alikuja nayo, tukaipima hapahapa, mbovu kupita kiasi, mistari myekundu juu mpaka chini. Nikamwambia siipokei. Alasiri namwona anakupa wewe, eti inaendana na macho." Alijifuta machozi. "Nikasema, huyu kijana ni balaa."

Katuni alikuwa ameshika kaunta.

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Mimi nilikuwa na foleni, dada," alisema muuzaji. "Diski unachukua?"

Hakuichukua. Alitembea mitaa minane kwa miguu hadi kwa fundi cherehani. RAM tumeshabadilisha, mpenzi. Umebakiwa na siku ngapi? Basi usizichezee. Alikuwa akiyasema maneno hayo kwa sauti, watu wakampisha njia.

Chumba cha fundi kilikuwa juu ya duka la vitambaa, madirisha mawili, marobota ya vitambaa kila pembe. Shangazi alikuwa ameshafika, amekaa na mkoba mapajani. Fundi, mwanamke mwembamba mwenye utepe wa kupimia shingoni, alimvisha Katuni gauni rangi ya maziwa, bado halina pindo, akampandisha juu ya kigoda, akajaza pini mdomoni na kuanza kubana kiuno.

Rula aliingia kuwachukua. Alisimama mlangoni, akashika kifua kwa mzaha.

"Laazizi wangu. Umeniua."

"Nimetoka dukani," Katuni alisema. "Duka la foleni."

Tabasamu lilibaki usoni mwa Rula kwa muda kidogo kupita ilivyopaswa, kisha likaondoka lote kwa mara moja. Fundi alisimamisha mikono.

"Ulijua?"

"Sikiliza, mpenzi..."

"Ulijua, Rula?"

"Nilijua."

"Alijua nini?" shangazi aliuliza. Katuni alimweleza, kwa sentensi tatu, bila kumtoa Rula machoni. Shangazi alisimama, mkoba ukaanguka.

"Kaa, shangazi. Sijamaliza." Katuni hakuweza kusogea, kila akipumua pini zilimgusa. "Siku ile nilikuwa mtu tu mwenye soksi. Hukunijua. Nimewaza njia nzima, na nikiwa mkweli, pengine hata mimi ningempa mtu kibovu changu, kama ningekuwa na hasira. Hiyo naweza kuimeza."

Rula alisogea hatua moja. Matumaini yalimrudisha rangi usoni.

"Kisha nikakupenda," alisema. "Nilishindwa kusema kwa sababu nilikupenda. Lakini sikukuacha hivyohivyo, nilinunua nyingine. Mpya. Zimo ndani hata sasa, ndizo zilizoiponya mashine. Mimi niliinunua dawa yake, mwenyewe."

"Ulinunua?" Sauti ya Katuni ililegea. Ilikuwa karibu sauti yake ya simuni. "Ulinunua lini?"

Hakukuwa na shahidi. Hakukuwa na risiti. Neno moja, Alhamisi, lingemtosha: kwamba alizinunua baada ya onyesho, kwa majuto, na gauni lile lingepata pindo lake. Rula alilijua hilo. Lakini alimwona mwanamke wake juu ya kigoda, akimtazama kwa mara ya kwanza akijua yeye ni nani, na bado hajageuza uso, na akataka kuwa msafi mbele yake mara moja tu maishani.

"Jumamosi," alisema.

"Jumamosi ya baada."

"Ya kabla."

Chini dukani mtu alichana kitambaa, mlio mrefu.

"Jumamosi," Katuni alisema polepole. "Jumapili. Jumatatu. Jumanne. Zilikuwa wapi?"

"Kwenye begi."

"Na begi?"

"Chini ya meza yako."

"Nilikuwa naweka miguu juu yake," Katuni alisema. "Ule mto wangu. Nilikushukuru, unakumbuka? Nilisema miguu yangu inauma na begi lako ni laini."

"Ukiniona nabadilisha ungeuliza. Ungejua. Ningekupoteza."

"Kwa hiyo uliona bora nipoteze mimi."

"Nisamehe. Nimekwambia ukweli. Ningeweza kukudanganya, nimekwambia ukweli."

"Ndiyo," Katuni alisema. Macho yalimjaa, lakini sauti haikutetemeka. "Na hapo ndipo ungedanganya, Rula. Umenidanganya kuhusu joto, kuhusu umeme, kuhusu programu, kuhusu vumbi. Mahali pamoja tu ambapo uongo ungenisaidia kuishi na wewe, ndipo ulipoamua kuwa mkweli."

"Katuni..."

"Usiniite hivyo. Sichori tena."

Rula alisimama kidogo, mikono imening'inia, akimwangalia shangazi kana kwamba pale pangepatikana msaada. Shangazi aliinama akaokota mkoba wake. Rula akageuka. Walisikia viatu vyake kwenye ngazi, vikasita katikati, vikasikiliza, kisha vikaendelea hadi chini.

Simu ya Katuni ikaita ndani ya pochi juu ya kiti, ikaita mpaka ikachoka, ikaanza tena. Shangazi akaizima.

Fundi alitema pini kiganjani, moja baada ya nyingine.

"Dada," alisema kwa upole, "nibane au nifumue?"

Katuni alijitazama kwenye kioo kirefu, kutoka kilemba hadi nyayo. Akainua mikono ili fundi afikie pini za ubavuni.

"Fumua. Kitambaa ni kizuri lakini, usikitupe. Nikatie blauzi mbili za kazini."

"Mikono mirefu au mifupi?"

"Mifupi," alisema. "Mapokezi kuna joto."